Je, wajua kwa nini minki wa Marekani na minki wa Ulaya si jenasi moja, yaani si kundi moja la spishi zenye undugu wa karibu?

Wakipita wote wawili kando ya mto, ni vigumu kuwatofautisha. Ni wembamba, miguu mifupi, manyoya ya kahawia iliyokoza, na wote hupiga mbizi kuwinda samaki na vyura. Tazama mdomo. Minki wa Ulaya ana weupe kwenye mdomo wa juu na wa chini. Wa Marekani kwa kawaida ana weupe chini tu, kidevuni. Wote ni wa familia ya Mustelidae, pamoja na nyegere, kicheche na fisi maji wa kwetu.

Mwaka 1777 Mjerumani Schreber alimwita minki wa Marekani Mustela vison. Kwa muda mrefu akahesabiwa jenasi moja na yule wa Ulaya, Mustela lutreola. Vinasaba vimeonyesha vingine: wa Ulaya yuko karibu zaidi na kicheche wa Ulaya, Mustela putorius, kiasi kwamba hao wawili huzaliana. Wa Marekani ni wa tawi jingine kabisa. Kufanana kwao kumetokana na maisha ya majini.

Basi minki wa Marekani akatolewa kwenye Mustela na kuwekwa Neovison, jina lililotungwa 1997. Halikudumu. Ilidhihirika kwamba tawi lake lina pia kicheche mkia-mrefu wa Marekani na jamaa zake wa Amerika Kusini, na kundi hilo lilikuwa tayari na jina, Neogale, alilolitoa mwanazuolojia Mwingereza Gray mwaka 1865. Kanuni ya wanazuolojia ni kwamba jina la zamani ndilo linalotawala. Tangu 2021 huandikwa Neogale vison (Schreber, 1777). Mabano hayo yana kazi: yanakuambia kwamba Schreber alimpa mnyama jina la spishi akiwa katika jenasi nyingine. Napenda sana utaratibu huu, kwa sababu historia nzima ya mnyama inabaki ndani ya jina lake.

Umbali huo wa kinasaba una madhara makubwa. Minki wa Marekani waliofugwa Ulaya kwa ajili ya manyoya walitoroka na kuenea mitoni. Dume lao likimpanda jike wa Ulaya, mimba hufia tumboni, na jike hupoteza msimu wake wa kuzaa. Leo minki wa Ulaya yuko hatarini kabisa kutoweka.