Hanamu shingoni mwa nguo inayoonyesha

Hanamu ni mkato wa kitambaa unaopita mshazari, digrii 45 kutoka kwenye uzi wa urefu. Ukikata ukanda mwembamba kwa mkato huo, ukaukunja na kuuvisha ukingo wa shingo ya nguo, umetia hanamu. Ni kazi ya zamani na fundi yeyote wa kushona ameiona. Hapa naizungumzia kwa vitambaa vinavyoonyesha tu, yaani shifoni, jojeti, voili na oganza, kwa sababu humo ndimo shingo nyingi huharibikia.

Chukua kanzu kwanza. Shingo ya kanzu hutiwa kaba: kipande kilichokatwa kwa umbo la shingo, kikashonwa ukingoni, kikageuzwa na kulala upande wa pili. Mafundi wa Lamu wanaoshona kanzu kabla ya Maulidi wanaweza kuitia kaba huku wakizungumza na mpita njia, na ikakaa sawa. Kitambaa cha kanzu kina uzito, na kilichofichwa hufichika. Sasa mpe fundi huyo huyo shifoni ya rangi ya waridi, gauni la usiku wa harusi, naye aitie kaba vilevile. Ukiivaa, kaba inaonekana kwa nje kama kivuli kipana kifuani. Ukingo wake, nyuzi za ovaloki (mshono wa kuzuia ukingo usifumuke) na vile vikato vya mkasi alivyovipiga ili mviringo ukae, vyote viko wazi. Hakukosea kushona. Kitambaa kinachoonyesha hakina ndani, na kaba ni kazi inayotegemea kuwe na ndani.

Na shingo hiyo itatazamwa. Gauni la namna hii huvaliwa juu ya shimizi, na buibui linapovuliwa ukumbini baina ya wanawake wenyewe, jicho la kwanza huenda shingoni kwenye dhahabu. Mkufu hukalia ukingo ule ule. Hapo shingo iliyolegea au kujipinda haina pa kujificha.

Hanamu hulitatua jambo hili kwa kuufunga ukingo juu na chini kwa ukanda mmoja mwembamba, ulio sawa pande zote mbili. Kinachoonekana ni mstari tu, uliokoza kidogo kuliko nguo yenyewe, na mstari huo ni pambo. Kwa nini ukanda ukatwe mshazari na si kufuata uzi? Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande, zinazokwenda urefu, na nyuzi za mshindio, zinazokwenda upana, zilizopishana. Ukikivuta kwa kufuata uzi, hakitoi nafasi. Ukikivuta mshazari, vile vimraba vidogo vya nyuzi hulala upande na kitambaa kinanyooka. Ukanda wa namna hiyo unaweza kuzunguka mviringo wa shingo bila mikunjo. Uliokatwa wima utakunjamana, hata umshike fundi gani.

Bahati mbaya tabia hiyo hiyo ndiyo adui. Shingo ya mviringo nayo ina sehemu zake za mshazari, baina ya bega na katikati ya kifua, na sehemu hizo hulegea kwa kushikwashikwa tu. Ndiyo maana gauni likipimwa mezani ni sawa, likivaliwa shingo inapanuka. Kabla ya jambo lolote, piga mshono mmoja wa mashine milimita 3 kutoka ukingoni, ukianzia begani kushuka katikati, upande mmoja kisha wa pili. Mshono huo hauonekani baadaye kwa kuwa hanamu itaufunika. Wengi huuruka, nami naona ndio unaookoa kazi kuliko mingine yote.

Upana ni hesabu ndogo. Kwa shifoni ukanda uliokamilika wa milimita 6 unapendeza; ukizidi sentimita moja unaanza kufanana na kola. Kwa kuwa tunaukunja ukanda kati uwe wa tabaka mbili kabla ya kuushona, upana wa kukata ni mara 6 ya ule uliokamilika: milimita 36, ongeza 2 au 3 za mgeuzo. Ukunje kati kwa urefu, piga pasi, kisha linganisha kingo zake mbichi, yaani zilizokatwa, na ukingo wa shingo, upande wa nje wa nguo. Shona milimita 6 kutoka ukingoni. Ugeuze ukanda uupite ukingo na kulala upande wa mwilini, ule mkunjo ufike kwenye mstari wa mshono au uupite kidogo, kisha umalizie kwa mkono kwa mishono midogo inayochota uzi mmoja mmoja. Unaweza pia kumalizia kwa mashine, ila kwa shifoni mkono ni bora. Ukihesabu, ukingoni pana tabaka 7 za kitambaa, ndiyo sababu pale panakoza rangi. Zinakoza kwa usawa, na usawa ndio tunaoutaka.

Unaposhona, uvute ukanda kidogo sana kwenye mviringo wa ndani. Usipovutwa, ukigeuzwa utasimama badala ya kulala. Ukivutwa mno, shingo itakusanyika kama mdomo wa mfuko. Kiungo cha ukanda kiwe mgongoni au begani, na chenyewe kishonwe mshazari ili unene ugawanyike.

Kushika shifoni ni kazi nyingine. Kusi likiingia dirishani kitambaa hakitulii, kwa hiyo funga dirisha na uzime feni wakati wa kukata. Baadhi hukiloweka kwenye maji mepesi ya wanga, wakakikausha na kukipiga pasi. Kinakuwa kigumu kama karatasi, kisha wanga hutoka kwa kufuliwa. Jaribu kwenye kipande kwanza. Chini ya mguu wa cherehani weka karatasi nyembamba isiyo na maandishi, ushone pamoja nayo, uichane baadaye. Gazeti lisiguse kabisa, wino wake huhamia. Sindano iwe nambari 60 au 70, mpya, na mshono uwe wa milimita 2 au pungufu. Sindano butu huvuta uzi wa kitambaa na kuacha mstari mrefu usiofutika. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa uzi mwembamba, si pini nyingi, maana pini nene huacha matundu.

Pasi nayo. Shifoni nyingi za madukani ni poliesta, na poliesta huyeyuka. Pasi ya makaa haina kipimo cha moto, hivyo weka kitambaa cha pamba katikati na ujaribu pembeni. Usiiburute pasi, iweke, iinue, iweke tena.

Kuna jambo ambalo wateja hulilalamikia na mafundi hulisahau. Hanamu ikishashonwa, hainyooki tena kama ulivyoizoea mkononi. Kichwa cha mtu mzima kina mzunguko wa sentimita 55 hadi 58 hivi, kwa hiyo shingo isiyo na mpasuo iwe na mzunguko usiopungua sentimita 60, la sivyo nguo haipiti na vipodozi vinaishia kwenye shifoni. Ukitaka shingo ya kubana, acha mpasuo nyuma na uweke kifungo na kitanzi cha hanamu hiyo hiyo.

Shingo ya V ina kona, na kona haikubali kuvutwa. Pale chini unashona hadi ncha, unaacha sindano ndani, unainua mguu wa cherehani na kukigeuza kitambaa, kisha mkunjo wa ukanda unapangwa kwa mkono uwe wima katikati. Kwa anayeanza, achague mviringo.

Njia nyingine zipo. Bitana nzima ya sehemu ya juu inafaa nguo inapotakiwa kusitiri, na inaondoa tatizo la kaba kwa kuwa kivuli kinaenea kote. Lakini inaongeza joto, na Lamu ya mwezi wa tatu haihitaji kuongezewa. Kusokota ukingo kwa vidole na kuushona kwa mkono kunapendeza kwenye mtandio. Shingoni kunalegea mapema.

Ukipeleka kitambaa kwa fundi, sema hanamu kabla mkasi haujagusa kitu. Shingo ya kaba hukatwa ikiwa na akiba ya mshono, sentimita moja au moja na nusu, inayogeuzwa ndani. Shingo ya hanamu hukatwa pale pale inapoishia, bila akiba, kwa sababu hakuna kinachogeuzwa. Akiisahau akiba hiyo bila kuikata, nguo itakubana kooni. Na umbebee kipande cha ziada cha mraba wa sentimita 50: ukanda ukikatwa kona hadi kona unatoa kama sentimita 66, na shingo ya kawaida inamalizika kwa kiungo kimoja tu cha kufungia mzunguko.