Mtoto anayekojoa kitandani: acheni fimbo, msimnyime maji

Wangu ana miaka minne, bado anakojoa kitandani. Ni ugonjwa?
Hapana. Chini ya miaka mitano hatuhesabu. Kibofu kinajaa usiku, naye bado hajaweza kushtuka. Hata kwenye miaka mitano, kati ya watoto 100 wapo kama 15 wanaolowesha, na wengi huacha wenyewe. Muulize bibi yake. Mara nyingi baba naye alikuwa kikojozi.

Kwa hiyo fimbo haisaidii?
Haisaidii. Mtoto amelala, hajui. Wala kumtembeza mtaani na godoro kichwani, wala kumfunga chura kiunoni. Hapa kituo cha afya tunapokea watoto wenye alama za mkanda mgongoni, na godoro bado linaloa.

Nifanye nini basi?
Anywe maji ya kutosha mchana, chai na soda ziishie alasiri, aende chooni kabla ya kulala. Choo kikiwa nje, msindikize, giza linamtisha. Akipata choo kigumu kitibiwe, maana kinabana kibofu. Tandika nailoni chini ya shuka. Akiamka mkavu, msifu.

Alikuwa ameacha, sasa ameanza tena. Si kudeka?
Mlete. Leo, si Jumatatu. Hasa akiwa na kiu isiyokatika, anakojoa sana hata mchana, na anakonda. Hicho kinaweza kuwa kisukari, na watoto wadogo wanakipata.

Nimpunguzie maji kwanza nione?
Hapana! Mwenye kiu hiyo hanyimwi maji. Mama mmoja alificha kikombe na kufunika ndoo kwa jiwe. Binti yake wa miaka saba akawa anakunywa maji ya kopo la chooni. Alipofika kwetu anahema mbiombio, anatapika, midomo imepasuka. Nyumbani walishampa dawa ya malaria. Sukari ilipita uwezo wa mashine kusoma. Aliponea chupuchupu. Narudia: ameanza tena, ana kiu, anakonda, usimpige, usimnyime maji, mlete siku hiyo hiyo.

Na mkojo ukimuuma, au una damu?
Mlete pia. Huenda ni U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo, au kichocho kwa wanaooga mtoni na ziwani. Vyote vina dawa.

Mtamfanyia nini?
Tone la damu kidoleni, mkojo kidogo kwenye kikopo. Majibu ya sukari mnayapata mkiwa mmekaa hapo hapo.