Panda yungiyungi bustanini, gugumaji liache kabisa

Vuli ikianza tu meseji zinakuwa nyingi hapa kwetu kitengo cha mimea, watu wanataka maua ya maji, maana siku hizi Dar kila anayemaliza nyumba Goba, Madale au Kigamboni anataka na kakibwawa mbele ya baraza, na mimi hilo linanifurahisha sana kwa kweli. Shida inakuja nikiomba picha ya ua lenyewe ambalo mtu kashalinunua. Nafungua picha nakuta sio yungiyungi, ni gugumaji, muuzaji kaliuza kama ua la kawaida tu na mnunuzi wa watu hajui kaingiza nini nyumbani kwake.

Kuyatofautisha sio kazi. Yungiyungi mizizi yake ipo chini kwenye tope, majani yake mapana ya duara yamelala juu ya maji na kila jani lina mpasuko mmoja unaoingia mpaka kwenye kikonyo, halafu maua yanatoka mojamoja, kila ua na bua lake. Gugumaji lenyewe linaelea tu, halijashika popote, mizizi myeusi inaning'inia majini, vikonyo vya majani vimevimba na ukikiminya kimoja ndani ni sponji tupu, na maua yake ya zambarau yamejaa mengi kwenye shina moja, petali ya juu ina doa la njano. Ni zuri, sikatai, uzuri huo ndo uliolisambaza duniani kutoka kwao Amerika ya Kusini. Ila Watanzania tunajua lilichotufanyia Ziwa Victoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, mitumbwi inashindwa kutoka mwaloni, samaki wanakosa hewa, konokono wa kichocho wanapata pa kukaa. Likipata maji yenye uchafu mwingi linaweza kuongezeka mara mbili ndani ya wiki mbili hivi. Sasa kibwawa chako cha Tabata kikifurika masika, maji yanaingia mtaroni, mtaro unamwaga mto Msimbazi, hapo hamna tena wa kulizuia. Kwahiyo naomba sana, kama unalo litoe, lianike juani kwenye zege mpaka likauke kabisa ndio ulitupe. Usilitupe bichi na wala usimgawie jirani.

Yungiyungi ni la kwetu. Lipo kwenye madimbwi na mabonde ya pwani hii na Rufiji, linakaa miaka na miaka, kiangazi dimbwi likikauka majani yanakufa lakini kitunguu chake kinabaki hai kwenye tope kinasubiri mvua. Lile la bluu wataalamu wanaliita Nymphaea nouchali, na aina ya Zanzibar yenye bluu iliyokolea Mjerumani Caspary aliipa jina mwaka 1877. Kuna lingine, Nymphaea colorata, ambalo lilielezwa kitaalamu mwaka 1928 na mtaalamu wa mimea Albert Peter kutokana na mimea ya hapahapa Tanganyika, baadaye George Pring wa bustani ya mimea ya Missouri kule St. Louis akalitumia kuzalisha maua ya zambarau ambayo mpaka leo wenzetu wanayanunua kwa hela nzuri tu kupamba mabwawa yao. Yaani damu ya maua hayo imetoka kwenye madimbwi yetu, halafu sisi huku tunanunua gugumaji la Amazon! Hili linaniuma, nasema wazi.

Ukipata la kwako naomba siku moja ukae nalo asubuhi uliangalie kwa karibu. Ua likifunguka siku ya kwanza, katikati pana kikombe cha njano kimejaa maji maangavu, na vile vijiti vyenye chavua vimesimama pembeni bado vimefunga. Hiyo siku ua ni jike. Nyuki au inzi wa maua akija na chavua aliyoibeba kwenye ua lingine anateleza anaingia kwenye yale maji, chavua inamtoka inazama pale panapotakiwa, wengine wanatoka wazima na wengine wanafia humohumo. Kesho yake fungua uangalie tena ua hilohilo, kikombe kimekauka, vijiti vimeachia chavua, sasa limekuwa dume na halina hatari tena kwa nyuki. Linafanya hivo siku tatu nne kisha bua linajivuta chini na tunda linakomalia ndani ya maji, na mbegu zikitoka zinaelea kwa muda, zinasafiri, ndio zinazama zikaanze maisha pengine.

Kitu kimoja wauzaji hawakwambii ni saa za kufunguka. La bluu linafunguka kama saa mbili asubuhi na saa tisa kumi hivi limeshafunga. Sasa wewe unayetoka Bunju saa kumi na moja alfajiri kuwahi ofisini Posta na foleni inakurudisha saa mbili usiku, ua lako utaliona Jumamosi na Jumapili tu. Kwa mtu kama huyo mimi nashauri yungiyungi jeupe, Nymphaea lotus, nalo ni la Afrika, lenyewe linafunguka jioni giza likiingia na linakaa wazi mpaka asubuhi kiasi. Ukiweza panda yote mawili, ila kila moja na chombo chake maana jeupe linatanuka sana.

Kupanda hakuhitaji bwawa la mamilioni. Pipa la plastiki la lita 200 likikatwa nusu linatosha yungiyungi moja dogo. Udongo uwe mfinyanzi, huu mchanga wetu wa Dar hauna kitu na unaachia mizizi, tafuta udongo mzito weka kwenye beseni, panda kitunguu kichwa chake kikiwa juu kidogo, funika juu kwa kokoto ndogondogo ili udongo usichafue maji, kisha zamisha, maji yawe sentimita 20 mpaka 50 juu ya udongo. Mbolea ya samadi hapana! Itageuza maji kuwa kijani na harufu juu, kama unataka kulisha chukua mbolea ya dukani ya NPK kidogo sana uifunge kwenye gazeti uisukumize ndani ya tope karibu na mizizi. Jua linatakiwa masaa sita kwa siku, chini ya mwembe utapata majani tu.

Kuna wanaoweka na chemchem ya pampu irushe maji katikati halafu wanashangaa majani yanaoza. Jani la yungiyungi linapumulia juu, vitundu vyake vya hewa vipo upande unaoangalia angani, ukilimwagia maji kutwa nzima unalinyima pumzi. Chemchem iweke mbali, au acha kabisa.

Na hili la maji ya kisima mnisikilize vizuri nyie wa ukanda wa bahari, Mbezi Beach, Kunduchi, Kigamboni na kwingineko, visima vingi vina chumvi na yungiyungi halipendi chumvi, majani yanaungua kingo na mmea unadumaa taratibu mtu anadhani ni ugonjwa. Yaonje maji, yakiwa na chumvi kinga ya mvua ya bati. Ya bomba ni sawa, yaache tu siku moja mbili wazi dawa itoke kabla hujaweka samaki.

Samaki lazima. Dar tumeugua dengi, 2014 na 2019 hatujazisahau, na mbu katika joto letu anaweza kutoka yai mpaka kuruka ndani ya siku saba mpaka kumi. Lakini mbu wa dengi anapenda ndoo, tairi, makopo, visahani vya chini ya vyungu, mahali ambapo hakuna wa kumla. Kibwawa chenye samaki wadogo watano sita kinamaliza viluwiluwi vyote, mimi naogopa zaidi pipa la maji lisilofunikwa nyuma ya nyumba kuliko bwawa lenye samaki. Gapi wa dukani wanafaa, ila wasitoke nje ya bwawa lako, usiwamwage mtoni hata kidogo, maana madimbwi ya msimu ya mkoa huu yana samaki wake, wa jamii ya Nothobranchius, wadogo wa rangi nzuri ajabu, mayai yao yanakaa kwenye tope kavu mpaka mvua irudi, na hawapo sehemu nyingi duniani. Dawa ya kuua mbu usiweke majini, unaweza kuua samaki ukabaki na mbu. Na kama nyumba ina mtoto anayetambaa au anayejifunza kutembea, weka wavu imara juu ya maji kabla ya kitu kingine chochote, maji ya magotini yanaua mtoto.

Mwisho, pa kupata. Waulize wauza maua wa pembeni ya barabara, ukiwatajia yungiyungi na ukalikataa gugumaji mbele yao watalitafuta, biashara inafuata mteja. Ukienda kuchukua bwawani mwenyewe omba ruhusa kwa wenye eneo, chukua kitunguu kimoja au mbegu uache vingine, na usiingie na miguu mitupu, vaa gambuti na glavu ndefu kwa sababu ya kichocho. Ukifika nyumbani osha mmea wote, toa kila konokono na kila yai linalonata chini ya majani, uweke kwenye ndoo peke yake wiki mbili, kila siku ukague, kila siku ya tano badili maji mbu wasipate muda wa kuruka, na yale ya zamani yamwage juani kwenye nchi kavu mbali na mtaro.