Ngumi za ridhaa kwenye Olimpiki: yanayosemwa na yalivyo

Ikifika Olimpiki au Michezo ya Jumuiya ya Madola, watu wengi wanakumbuka kwamba ngumi za ridhaa zipo. Tatizo ni kwamba wanazitazama kwa macho ya ngumi za kulipwa, zile za Jumamosi usiku zenye mikanda na mapromota. Bondia anafanya kazi yake sawasawa, halafu anaporomoshewa matusi mtandaoni kwa sababu mtazamaji hajui kilichokuwa kinahesabiwa. Mwingine anarudi nyumbani na medali ya shaba, anaambiwa kaipata kwa kupigwa. Naupenda mchezo huu na maneno hayo yananiuma, kwa hiyo nimeyakusanya yale yanayorudiwa zaidi.

"Ridhaa ni ngumi za wanaojifunza. Akikutana na wa kulipwa, atauawa."

Teófilo Stevenson wa Cuba alichukua dhahabu ya uzito wa juu Munich 1972, Montreal 1976 na Moscow 1980, na maisha yake yote hakupigana ngumi za kulipwa. Huyo si mtu wa kumwita mwanafunzi.

Ushahidi mzuri zaidi ulitoka Rio mwaka 2016. Shirikisho la kimataifa la wakati huo, AIBA, lilifungua mlango kwa mabondia wa kulipwa kuingia Olimpiki, na wengi wakatabiri kwamba vijana wataumizwa vibaya. Waliofuzu walikuwa watatu. Hassan N'Dam wa Cameroon, aliyewahi kushika mkanda wa uzito wa kati wa WBO, moja ya mashirika ya ngumi za kulipwa, alitolewa na Mbrazili katika pambano lake la kwanza. Amnat Ruenroeng wa Thailand, bingwa wa zamani wa shirika jingine la kulipwa, IBF, na Carmine Tommasone wa Italia nao waliondoka bila medali.

Sababu ni muda. Pambano la ubingwa wa kulipwa ni raundi 12 za dakika tatu, yaani dakika 36. Bondia anaweza kutumia raundi tatu za mwanzo kumsoma mpinzani, kumchosha mbavu, kisha akaanza kazi. Kwenye ridhaa zile raundi tatu ndizo pambano zima. Ukisoma kwa dakika tisa, kengele ya mwisho inakukuta bado uko darasani. Mwendo wa miguu, jabu (ngumi za moja kwa moja za mkono wa mbele) za haraka, kuingia na kutoka kabla hujajibiwa, vyote vinatakiwa tangu sekunde ya kwanza, na hilo halinunuliwi kwa mikanda.

"Kashinda 4-1, maana yake kapiga ngumi nne, mwenzake moja."

Hapana. Hiyo 4-1 ni idadi ya majaji. Wanaokaa pembeni mwa ulingo ni watano, na kila mmoja anaandika alama zake peke yake. Kila raundi lazima iwe na mshindi: anapewa 10, na aliyezidiwa anapewa 9, au 8 ikiwa amezidiwa sana. Mwisho kila jaji anajumlisha. Wanne wakimpa ushindi bondia wa kona nyekundu na mmoja akampa wa kona ya bluu, matokeo yanasomwa 4-1, hata kama kwa kila mmoja wa wale wanne tofauti ilikuwa pointi moja tu.

Mkanganyiko huu una asili yake. Kuanzia Barcelona 1992 hadi London 2012 matokeo yalikuwa kweli hesabu ya ngumi, ndiyo maana wazee wetu wanakumbuka pambano kuisha 13-8. Utaratibu huo uliondolewa mwaka 2013.

Wanachotazama majaji sasa ni ngumi safi zilizofika sehemu halali, nani anautawala mchezo kwa ufundi na mbinu, na nani anapambana kwa kweli. Kusonga mbele tu huku unapiga mikono na mabega ya mwenzako hakuhesabiki, japo jukwaa litapiga kelele. Kumwangusha mpinzani pia hakukupi raundi ya 10-8 moja kwa moja kama ilivyozoeleka kwenye kulipwa. Refa atamhesabia hadi nane, mchezo utaendelea, na kama kabla na baada ya hapo ulikuwa unapigwa wewe, raundi inaweza kuwa si yako.

"Kuvua kofia ya kinga ni kuwaweka mabondia hatarini ili kuwafurahisha watazamaji."

Hapa ukweli una pande mbili. Kofia zilianza kuwa lazima Olimpiki ya Los Angeles 1984. Mwaka 2013 zikaondolewa kwa wanaume wa ngazi ya juu, na Rio 2016 ikawa Olimpiki ya kwanza ya wanaume bila kofia tangu Moscow 1980. Wanawake waliendelea kuzivaa.

Kofia inazuia mipasuko na michubuko. Haizuii mtikisiko wa ubongo, kwa sababu ubongo unaumia kwa kugongana na fuvu kutoka ndani pale kichwa kinapozungushwa ghafla, na sponji ya nje haiwezi kulizuia hilo. Tena inakiongeza kichwa ukubwa na kumziba bondia macho ya pembeni, kwa hiyo ngumi nyingine anaipata bila kuiona. Ila bei ya kuvua ilionekana wazi Glasgow 2014, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola: nyusi zilipasuka, damu ikatiririka, na daktari akawa na kazi. Kwenye mashindano ya siku mfululizo, mpasuko wa leo unaweza kukuondoa kesho. Anayesema kofia ni uhai amekosea, na anayesema haina faida naye amekosea.

"Shaba ya ngumi ni medali ya aliyepigwa."

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mwaka 2022 kule Birmingham, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe waliiletea Tanzania medali mbili za shaba, na badala ya pongezi wengine wakaandika kwamba walipewa kwa kushindwa nusu fainali.

Ndiyo, wote wawili wanaopoteza nusu fainali hupata shaba. Zamani kulikuwa na pambano la kutafuta mshindi wa tatu, na lilikoma Helsinki mwaka 1952. Fikiria mwenyewe: bondia ameangushwa kwa ngumi ya kichwa nusu fainali. Kwa kanuni za afya anatakiwa kupumzika angalau siku 30. Utamrudishaje ulingoni baada ya siku mbili akagombee shaba? Kwa hiyo medali mbili zinatolewa ili kulinda vichwa vya watu, na kila aliyefika pale amewashinda wenzake njiani.

"Wanajikausha maji mwilini ili wafikie uzito wa daraja lao, kisha wanakula na kupanda ulingoni wakiwa wakubwa."

Hiyo ni desturi ya kulipwa, ambako uzito hupimwa siku moja kabla na bondia ana saa nyingi za kunywa na kula kilo zirudi. Kwenye mashindano haya uzito unapimwa asubuhi ya kila siku unayopigana. Alfajiri bondia yuko kwenye foleni na kitabu chake cha afya, hajanywa hata chai. Daktari anamtazama macho, anambonyeza vidole na viganja kutafuta kilichovimba, anampima presha, kisha bondia anapanda mizani. Akizidi, safari imeishia hapo bila kupigana. Akipita, jioni anavaa fulana nyekundu au ya bluu, anapigana, na akishinda mizani inamsubiri tena siku ya pambano lijalo. Anayekwenda hadi fainali anaweza kupigana mara nne au tano ndani ya wiki mbili. Aliyejikausha kupita kiasi anaonekana: mkono unakuwa mzito kufikia pambano la pili.

"Majaji wamenunuliwa. Siku zote."

Ningependa kukwambia hili ni uzushi mtupu, lakini historia hairuhusu.

Seoul, 1988. Roy Jones Jr. wa Marekani alimtawala Park Si-hun wa Korea Kusini kwenye fainali, kila aliyetazama aliona, na majaji watatu kati ya watano wakampa Park. Uchunguzi wa Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa, IOC, haukupata ushahidi wa rushwa, ila aibu ilikuwa imeshaingia. Dawa iliyoletwa ilikuwa kompyuta: kila jaji na vitufe vyake, na ngumi inahesabiwa iwapo watatu kati ya watano wamebonyeza ndani ya sekunde moja. Matokeo yake mchezo ukageuka wa kugusa na kukimbia. Ngumi za mwili zilikuwa hazionekani vizuri kwa majaji watatu kwa pamoja, basi mabondia wakaacha kuzipiga. Kwa maoni yangu miaka ile iliharibu kizazi kizima cha ufundi.

Alama za 10 zilipoanza kutumika, Rio ikaja. Michael Conlan wa Ireland alipopoteza kwa Mrusi Vladimir Nikitin aliwaonyesha majaji kidole mbele ya kamera. Baadaye waamuzi na majaji wote 36 waliofanya kazi Rio waliwekwa kando, na mwaka 2021 ripoti ya mpelelezi Richard McLaren ilieleza kwamba kulikuwa na mfumo wa kupanga matokeo.

Kwa hiyo shaka ina msingi. Lakini kutoka hapo kwenda kusema kila bondia wetu aliyepoteza ameibiwa ni kuruka mbali mno, na mara nyingi anayesema hivyo hajui hata 4-1 inahesabu nini. Alama za majaji siku hizi zinaonyeshwa baada ya kila raundi. Tazama, linganisha na ulichoona, ndipo ulalamike.

"Afrika Mashariki kwenye Olimpiki ni riadha tu."

Philip Waruinge wa Kenya alipata shaba Mexico 1968 na fedha Munich 1972. Ile shaba ya Mexico ilifuatana na jambo zito zaidi: alipewa tuzo ya Val Barker, inayokwenda kwa bondia mwenye ufundi bora kuliko wote kwenye Olimpiki, akiwapita hata waliochukua dhahabu. Mwaka huohuo Waganda Eridari Mukwanga na Leo Rwabwogo walipata fedha na shaba, na Rwabwogo akaongeza fedha Munich. John Mugabi alichukua fedha Moscow 1980 kabla hajajulikana duniani kwenye kulipwa.

Kisha Robert Wangila. Seoul 1988, uzito wa welter (daraja la kilo 67), fainali dhidi ya Mfaransa Laurent Boudouani: alimmaliza kwa nokauti raundi ya pili. Wanaosema ridhaa haina ngumi nzito waitafute picha ya pambano hilo. Mpaka leo ndiyo dhahabu pekee ya Kenya ya Olimpiki isiyotoka kwenye riadha. Wangila alifariki Las Vegas mwaka 1994 kwa majeraha ya pambano la kulipwa, na jina lake linastahili kutajwa zaidi ya linavyotajwa.

Tanzania haijapata medali ya ngumi Olimpiki, ila Titus Simba alichukua fedha Edinburgh 1970 na Michael Yombayomba dhahabu Kuala Lumpur 1998, zote kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola.

"Wanawake wameingizwa tu kujaza nafasi."

Waliingia rasmi London 2012. Rio walikuwa bado wanapigana raundi nne za dakika mbili. Kuanzia Tokyo ni tatu za dakika tatu, sawa na wanaume. Na medali ya kwanza kabisa ya Timu ya Wakimbizi katika michezo yote ya Olimpiki ililetwa na bondia wa kike, Cindy Ngamba, mzaliwa wa Cameroon, Paris 2024.

"Ngumi zimeshafutwa Olimpiki."

Zilinusurika. IOC iliisimamisha AIBA mwaka 2019 na kuendesha yenyewe ngumi za Tokyo na Paris, kisha mwaka 2023 ikalifutia utambuzi shirikisho hilo, ambalo lilikuwa limebadili jina kuwa IBA. Kwa muda Los Angeles 2028 haikuwa na ngumi kwenye ratiba. Mwezi Februari 2025 shirikisho jipya, World Boxing, lilipata utambuzi wa muda, na mwezi uliofuata ngumi zikarudishwa: uzito saba kwa wanaume na saba kwa wanawake. IOC imeweka sharti kwamba chama cha taifa kiwe mwanachama wa World Boxing kabla mechi za kufuzu hazijaanza. Hilo ndilo swali la kuwauliza viongozi wa ngumi sasa hivi, wakati vijana bado wako mazoezini na muda upo.