"Sisi" ipi? Kuingiza sauti za Kiindonesia kwenye katuni

Mswahili akiketi mbele ya katuni yenye sauti za Kiindonesia ataokota maneno kadhaa bila kufundishwa: kabar, dunia, waktu, selamat. Kiarabu kimepita huko kama kilivyopita kwetu. Ukaribu huo ulinidanganya nilipoanza kuandika mazungumzo ya katuni jijini Jakarta.

Kazi yenyewe wao huiita sulih suara: picha inabaki ile ile, sauti zinarekodiwa upya. Mwandishi hupewa video na tafsiri, kisha atafute maneno yatakayokaa kwenye mdomo uliokwisha kuchorwa. Herufi zinazotutoa jasho ni b, m na p. Mdomo ukifumba, lazima mojawapo isikike. Ukiwa wazi, usiziguse. Mtoto akimwita mzazi wake, Kiindonesia kina "ibu", neno zuri la heshima, ila linaanza na mdomo wazi. Kama mchoraji kamfumba mtoto midomo kabla hajaita, basi ni "mama", hakuna mjadala.

Sasa kosa langu. Kiindonesia kina "sisi" mbili. Kita ni sisi pamoja na wewe ninayesema nawe. Kami ni sisi, wewe haumo. Dada mkubwa alikuwa akimwambia mdogo wake kwa Kiingereza, "We must go." Midomo ikafumba katikati, kwenye must. Nikafurahia ile m, nikaandika "Kami harus pergi." Mwigizaji alisoma mara moja, akavua hedifoni, akaniuliza: "Kwani mdogo wake anaachwa?" Onyesho linalofuata wanakimbia wameshikana mikono! Nilikuwa nimemtupa mtoto kwa silabi moja. Tukaandika "Ayo pergi!", yaani haya, twende. P ya pergi ikaangukia pale pale midomo inapofumba, na mdogo mtu akawa safarini.

Hata kukataa kuna mitego. No ya Kiingereza inaweza kuwa tidak (hapana), bukan (siyo) au jangan (usifanye). Karatasi haikuambii ni ipi. Ni lazima uone mkono wa mhusika unazuia nini.

Kazi ikifanywa vizuri, watoto huirithi. Doraemon, paka roboti wa katuni ya Japani, alianza kuonekana kwenye RCTI, kituo cha televisheni cha Indonesia, miaka ya 1990, na kwa muda mrefu sauti yake ilikuwa ya Nurhasanah, aliyefariki 2020. Ule mlango wake unaofungukia kokote utakako uliitwa "pintu ke mana saja", mlango wa kwenda popote. Maneno ya kila siku kabisa, na mtoto wa miaka minne anayashika.

Ndiyo maana Sheria ya Utangazaji ya Indonesia, namba 32 ya 2002, inaniuma kidogo. Inaruhusu kuingiza sauti kwa asilimia 30 tu ya saa za vipindi vya lugha za kigeni. Mtu mzima atasoma manukuu, yaani tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Asiyejua kusoma afanyeje? Ningekuwa na kauli, saa hizo zingeanza na watoto.

Siku hizi, kabla ya kuandika neno, naitazama kila onyesho bila sauti. Pembeni mwa karatasi naandika waliopo, nani anamtazama nani, na nani anaondoka na nani. Kita au kami inakuja baadaye.