Kusamehe kama mtoto: neno moja la Kigiriki na jani la isale

Mtu mzima akiambiwa "acha mambo ya kitoto", ametukanwa. Ndiyo maana kila nikifundisha Mathayo 18 naona baadhi ya wazee wa kanisa wakijikunja kwenye benchi. Wanafunzi wamemuuliza Yesu nani aliye mkuu, naye akaita mtoto mmoja, akamweka katikati yao, akasema: "Msipoongoka na kuwa kama vitoto, hamtaingia kamwe katika ufalme wa mbinguni." Sura hiyo inaanza na mtoto na inaishia kwenye msamaha. Mimi ni mchungaji wa Kilutheri, nimefundisha Agano Jipya kwa miaka mingi, na nilichelewa sana kuona kwamba ni somo moja.

Mahubiri tuliyoyazoea yanasema watoto husamehe kwa sababu husahau. Asubuhi wamepigana, mchana wanacheza. Hata mimi nilihubiri hivyo, mpaka Jumapili moja chini ya mparachichi ulio nyuma ya kanisa letu. Wavulana wawili, miaka mitano hivi, waligombania kalamu ya rangi nyekundu, mmoja akamng'ata mwenzake begani. Kilio kikasikika mpaka kwa wanakwaya. Nusu saa baadaye nikawakuta wamekaa juu ya jiwe moja wanagawana andazi. Nikamuuliza aliyeng'atwa, "Umeshasahau?" Akavuta ukosi wa shati akanionyesha bega, meno yalikuwa yamejichora pale, mduara mzima. "Hapa, baba mchungaji. Bado panauma." Akarudi kwenye andazi lake.

Basi hakuwa amesahau hata kidogo. Alijua mahali panapouma, angeweza kupaonyesha kwa kidole, na bado alikuwa amekaa na yule yule aliyemng'ata. Tangu siku ile nimeacha kabisa kuwaambia watu kwamba kusamehe ni kusahau. Mjane aliyedhulumiwa nyumba na mashemeji hawezi kusahau, na kumdai asahau ni kumwongezea mzigo.

Sasa tumrudie yule mtoto aliyewekwa katikati. Sisi tunamwona malaika mdogo wa kwenye kalenda. Watu wa karne ya kwanza walimwona mtu asiye na neno mbele ya wakubwa. Katika dola ya Kirumi baba ndiye aliyeamua kama mtoto mchanga atalelewa au atatupwa. Ipo barua ya mafunjo ya mwaka 1 kabla ya Kristo, iliyopatikana kwenye majalala ya kale ya Oxyrhynchus huko Misri. Mume aitwaye Hilarion yuko kazini Alexandria, anamwandikia mkewe Alis, ambaye ni mjamzito. Anamsihi amtunze mtoto waliye naye, anaahidi kumtumia fedha mara akilipwa, kisha anaandika: ukijifungua wa kiume, mwache; akiwa wa kike, mtupe. Barua ya mume anayeijali familia yake, na ndani yake mna sentensi hiyo.

Neno alilotumia Hilarion kusema "mwache" ni *aphes*. Nilipolisoma mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Maana ndilo neno lililomo katika Sala ya Bwana ya Kigiriki, pale tunaposema "utusamehe deni zetu". Ni *aphes*, herufi kwa herufi. Na Yesu aliposema "Waacheni watoto waje kwangu", alitumia kitenzi hicho hicho. Kumwacha mtoto aishi, kumwachia mdaiwa deni lake, kuwaacha watoto wapite: Kigiriki kinayaweka yote katika neno moja.

Ndipo nilipomwelewa mtoto wa Mathayo 18. Si kielelezo cha mtu asiye na kosa, maana mlezi yeyote anajua watoto hukosa tangu asubuhi. Ni mtu anayeishi kwa sababu kuna aliyesema "mwache". Hana hadhi ya kulinda, hana daftari la wadeni. Akijua hilo, kumwachia mwenzake si jambo geni kwake. Ndivyo yeye mwenyewe alivyopata kuishi.

Soma sasa mfano wa yule mtumwa asiyesamehe. Anadaiwa na bwana wake talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Tuseme kibarua wetu analipwa shilingi 10,000 kwa siku: deni lile ni shilingi bilioni 600. Naye anaanguka na kusema, "Bwana, nivumilie, nami nitakulipa yote pia." Angalia anachoomba. Anaomba muda. Bado anajiona mtu mzima mwenye uwezo, akipewa nafasi kidogo atamaliza bilioni 600 kwa jasho lake. Amefutiwa deni lote, lakini nadhani moyoni hakupokea. Alitoka pale akiwa bado mkusanyaji wa madeni. Ndiyo maana alipokutana na mjoli wake, yaani mtumwa mwenzake, aliyekuwa na deni la dinari 100 kwake, alimkaba koo.

Tusimdharau mjoli huyo kwa deni lake. Dinari 100 ni siku 100 za kazi, kwa hesabu yetu shilingi milioni 1. Kwa kibarua hiyo ni ada ya watoto na mabati ya nyumba. Yesu hakusema tulichofanyiwa ni kidogo. Bega bado linauma.

Hapa lazima niseme jambo kwa ukali, kwa sababu nimeona sura hii ikitumiwa vibaya. Mtoto amedhuriwa na mtu mzima, na familia inaitwa kikao kumalizana kimya kimya: "yaliyopita si ndwele", mtoto asamehe, Mkristo husamehe. Fungua sura hiyo hiyo, mstari wa 6. Anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa, ni heri afungwe jiwe la kusagia shingoni na kuzamishwa baharini. Na kuanzia mstari wa 15 kuna utaratibu: mwambie, ukikataliwa chukua mashahidi, kisha liambie kanisa. Kumwachia mtu deni si kumrudishia funguo za nyumba, wala si kumficha polisi wasimwone.

Na mimi? Kaka yangu aliuza sehemu ya kihamba cha baba, yaani shamba la familia, bila kutuambia, pamoja na migomba aliyoipanda mama. Sisi Wachagga tuna mmea uitwao isale. Aliyekosa akikuletea jani la isale, huwezi kumfukuza. Jani hilo ni ombi la msamaha ambalo hata wazee wenye hasira huliheshimu. Naupenda utaratibu huo, naona kuna Injili ndani yake. Ila mimi niliugeuza kuwa kizuizi. Kwa miaka sita nilisubiri isale ya kaka yangu, na kila Jumapili nikiwaongoza watu katika "kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu". Nilijua bei ya kila mgomba. Nilikuwa na daftari kamili kichwani, nami nilikuwa mkusanyaji kama yule mtumwa.

Isale haikuja. Nilikwenda mwenyewe, jioni moja, bila jani na bila mshenga. Sikumwambia kwamba hakukosa. Nilimtajia kosa lake, nikamtajia migomba ya mama, halafu nikamwambia sitamdai tena. Hakusema pole. Alikaa kimya, akamwita binti yake alete chai, tukanywa na giza likaingia.

Ardhi haikurudi, na mambo ya mirathi yaliyobaki tumeyaweka kwa maandishi mbele ya mashahidi. Lakini kila usiku nikifika kwenye "utusamehe deni zetu" nasimama, nalitaja jina la kaka yangu, kisha nasema, "Mwache." Kuna usiku linatoka kwa wepesi. Kuna usiku nalisema meno yakiwa yameumana, na bega linauma.