Je, wajua kwa nini bibi hulipishwa ilhali chumba cha familia mmeshakilipia?

Familia imefika hotelini pwani: baba, mama, watoto wawili na bibi. Chumba walichoweka ni cha familia, kina kitanda kikubwa kimoja na vidogo viwili, na bibi ameshasema atalala na mjukuu wake kama wanavyolala nyumbani. Hakuna godoro la kuongeza wala kitanda cha kukunja. Bado mhudumu wa mapokezi anatazama kompyuta yake na kusema kwamba mtu mzima wa tatu ana malipo yake, kwa kila usiku. Wengi hulipa huku wamenuna, wakiamini wameonewa. Kuna wanaoonewa kweli. Lakini mara nyingi malipo hayo yana sababu, na sababu kubwa haipo chumbani, ipo mezani.

Malazi huuzwa kwa njia mbili. Gesti ya mjini huuza chumba: umelipa, umepewa ufunguo, basi. Hoteli nyingi za pwani na loji za mbugani huuza kwa kichwa. Bei unayotajiwa ni ya mtu mmoja anayelala chumba kimoja na mwenzake, pamoja na chakula. Utaratibu huu ulishika mizizi kwenye ufukwe wa Kenya pale watalii wa Ulaya walipoanza kuletwa kwa makundi, kila mmoja akiwa amelipia kwao ndege, kitanda na milo kwa mkupuo mmoja. Si wa kwetu peke yetu. Nyumba za wageni za kienyeji za Japani, ryokan, nazo kwa kawaida hutoza kwa mtu, kwa sababu bei hubeba chakula cha jioni na cha asubuhi.

Sasa fikiria chakula hicho. Asubuhi hotelini vyakula hupangwa juu ya meza ndefu: mayai yanayokaangwa ukiwa umesimama hapo, matunda, maandazi, soseji, juisi, chai na kahawa, kila mtu anajipakulia. Hakuna anayesimama mlangoni kuhesabu nani amekula vipande vingapi vya nanasi. Hoteli inajua jambo moja tu: watu wazima waliolala usiku ule ni wangapi, na jikoni hupika kwa idadi hiyo. Bibi aliyelala kitanda kimoja na mjukuu hakuongeza gharama ya kitanda, lakini ameongeza sahani. Kama mmelipia milo yote mitatu, ameongeza sahani tatu kwa siku. Kama ni hoteli ambayo hata vinywaji vimo kwenye bei, kama zilivyo nyingi za Zanzibar na Diani, ameongeza na glasi zake.

Mbugani sahani hiyo ni ghali zaidi. Loji iliyo katikati ya Serengeti hupata nyanya, mchele na gesi kwa magari yanayotoka Arusha, safari ya saa nyingi, na nusu ya njia ni vumbi na mashimo. Kila ndoo ya maji ya moto anayoogea mgeni imegharimu mafuta, kuni au mitambo ya jua. Shuka na taulo zake hufuliwa hapohapo.

Halafu kuna serikali, nayo huhesabu vichwa. Ukilala ndani ya hifadhi ya taifa Tanzania, pamoja na kiingilio cha getini kuna ada inayolipwa kwa kila mgeni kwa kila usiku anaolala kwenye loji ile, na loji huiweka ndani ya bei yake. Zanzibar hutoza ada ya miundombinu kwa mtu kwa usiku. Roma imekuwa ikitoza kodi ya kulala kwa kichwa tangu 2011, na watoto walio chini ya miaka 10 husamehewa. Ufaransa husamehe wote walio chini ya miaka 18. Dubai ilifanya tofauti: tozo yake ya utalii, iliyoanza 2014, huhesabiwa kwa chumba, kwa hiyo mtu wa tatu haiongezi hata dirhamu moja. Kenya inatoza asilimia 2 ya mapato ya hoteli kwa ajili ya utalii, maana yake bili ikikua, nayo inakua.

Umri nao una vituko vyake. Hoteli nyingi za kwetu huwahesabu watoto kuwa watoto mpaka wanapotimiza miaka 12. Hifadhi za taifa za Tanzania huwatoza kama watoto walio kati ya miaka 5 na 15, na walio chini ya hapo huingia bure. Kwa hiyo kijana wa miaka 14 anaweza kupita getini Serengeti akiwa mtoto, na jioni hiyohiyo akaketi kwenye chakula cha loji akiwa mtu mzima. Wazazi wengi hukutana na jambo hili mapokezini, wakati limeandikwa tangu mwanzo katika masharti ya kuweka chumba.

Mpaka hapo naitetea hoteli. Kuna malipo ambayo siyatetei. Katika miji inayouza chumba bila chakula, baadhi ya hoteli bado hutoza mtu wa tatu na wa nne. Las Vegas ni mfano mzuri: hoteli kubwa za mji ule hukupa chumba chenye vitanda viwili vipana, vinavyotosha watu wanne waziwazi, kisha nyingi kati yao huongeza malipo kwa kila mtu mzima anayezidi wawili. Chai humo hamna. Mtu yule ametumia taulo mbili na maji ya kuoga. Hiyo ni bei inayotokana na kujua kwamba mgeni ameshafika na hana pa kwenda, na taulo zile zimechukuliwa kama kisingizio.

Jambo lingine linaloniuma ni jinsi vyumba vyenyewe vinavyopangwa. Kwenye mahesabu ya hoteli, chumba cha familia ni baba, mama na watoto wawili wadogo. Familia nyingi za kwetu hazisafiri hivyo. Husafiri na bibi, na shangazi, na mdogo wake mama anayesubiri matokeo ya chuo, na dada anayewalea watoto. Hoteli inayojenga Bagamoyo au Malindi na kutaka wageni wa humuhumu nchini ingekuwa na vyumba vya watu wazima wanne vyenye bei moja iliyo wazi. Wanaopeleka mahujaji Makka wamelizoea jambo hili siku nyingi: bei ya umra hutajwa kwa chumba cha watu wanne, watatu au wawili, na kadiri mnavyokuwa wengi chumbani, ndivyo kila mmoja anavyolipa kidogo.

Wakati mwingine hoteli hukataa kabisa mtu wa tano hata ukitaka kumlipia. Hapo usikasirike. Kila chumba kina idadi ya juu ya watu, inayozingatia njia za kutokea moto ukizuka, na kinachopiganiwa hapo ni roho za watu.

Unapoweka chumba, jaza idadi kamili ya watu wazima na umri halisi wa kila mtoto, hata kama bei inapanda mbele ya macho yako. Uliza mambo mawili: bei hii ni ya watu wazima wangapi, na ina milo gani? Omba majibu kwa maandishi. Kisha piga hesabu ya chumba cha pili kabla ya kukubali nyongeza. Tuseme chumba cha familia ni shilingi 240,000 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi, na bibi na shangazi wanaongezewa 60,000 kila mmoja. Jumla 360,000. Kama chumba cha kawaida cha watu wawili, chai ikiwemo, ni 110,000, vyumba viwili vitakugharimu 350,000. Umeokoa 10,000, na bibi amepata kitanda chake na bafu lisilo na foleni ya wajukuu.

Msimu wa masika, Aprili na Mei, pwani hoteli nyingi huwa nusu tupu. Piga simu moja kwa moja, omba kuongea na meneja, mweleze mko wangapi na mnakula nini. Ana uwezo wa kufuta malipo ya kitanda, na mara nyingine hata ya chai ya asubuhi. Ada za serikali zinazohesabiwa kwa kichwa hawezi kukufutia, kwa sababu fedha hizo si zake.